Jiko ni la Nani? Jinsia, Moshi na Hesabu ya Lawama Nyumbani

Katika Kiswahili, mwanamume aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Msemo huu umezoeleka mno katika hotuba za arusi na mazungumzo ya vijana hivi kwamba aghalabu hakuna asimamaye kuuliza ni nini hasa kilichosemwa. Mke amelinganishwa na kifaa cha kupikia; aliyekipata anapongezwa, na kifaa chenyewe kinashangiliwa kwa vigelegele. Wahakiki wa mkondo wa kifeministi wamekwisha kuonyesha udhalilishaji uliomo katika jazanda hii, na hakuna haja ya kurudia kazi yao hapa. Lipo, hata hivyo, jambo jingine ambalo jazanda hiyo inalifanya kimyakimya. Ikiwa mke ndiye jiko, basi na moshi wa jiko ni wake. Makala haya yanadhamiria kulichunguza swali la kimaadili lililojificha ndani ya usawazishaji huo: moshi unaotoka katika nyumba unapaswa kuandikwa katika daftari la nani?

Swali hili lingeonekana la kipuuzi miaka arobaini iliyopita. Leo limekuwa zito kwa sababu wataalamu wa mazingira wameanza kuhesabu hewa ya ukaa inayotokana na maisha ya kila siku, na baadhi yao wameitenganisha hesabu hiyo kwa misingi ya jinsia. Mnamo 2010, watafiti Riitta Räty na Annika Carlsson-Kanyama walilinganisha matumizi ya nishati ya wanaume na wanawake wanaoishi peke yao katika nchi nne za Ulaya. Waligundua kwamba mwanamume alitumia nishati zaidi kuliko mwanamke kwa asilimia 6 nchini Norway, asilimia 8 Ujerumani, asilimia 22 Uswidi na asilimia 39 Ugiriki. Utafiti mwingine wa Uswidi, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba fedha za wanaume wasio na wenzi zilizalisha hewa chafu zaidi ya zile za wanawake wa hali hiyohiyo kwa asilimia 16, ingawa viwango vya fedha vyenyewe vilikaribiana sana. Nchini Ufaransa, mnamo 2025, Ondine Berland na Marion Leroutier walikadiria kuwa hewa chafu itokanayo na chakula na usafiri wa wanawake ilikuwa chini ya ile ya wanaume kwa asilimia 26. Sababu kuu walizozitaja ni mbili: gari na nyama nyekundu.

Takwimu hizi zina mvuto wake, na tayari wapo wanaozinukuu kana kwamba zimethibitisha tabia ya kudumu ya jinsia mbili. Lakini msomaji makini atatambua kwamba tafiti mbili za kwanza ziliwachagua watu wanaoishi peke yao. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Watu wawili wanapoishi chini ya paa moja, mtafiti hushindwa kujua nani amelila joto la chumba na nani amelitumia gari; nyumba hugeuka kuwa pazia. Kwa hiyo takwimu zinazozungumzia wanaume na wanawake zimepatikana kwa kuiepuka nyumba, yaani kwa kuliepuka jambo lenyewe ambalo kwa watu wengi wa dunia ndilo linalofanya maisha ya mwanamume na mwanamke yawe kama yalivyo.

Wayo na Nyayo

Istilahi yenyewe inadai uchunguzi. Wataalamu hunena juu ya unyayo wa kaboni. Taswira hii ilichipuka kutokana na dhana ya unyayo wa kiikolojia iliyokuzwa na William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel katika miaka ya 1990, kisha ikaenezwa miongoni mwa umma na kampuni ya mafuta ya BP mwanzoni mwa karne hii, ilipowaalika watu binafsi wajipimie uchafuzi wao. Haidhuru kutua kidogo na kushangaa: mchimba mafuta akimkabidhi mchomaji mafuta mizani ya kujipimia dhambi!

Kwa Mkenya, neno nyayo lina mwangwi wake. Tangu 1978 hadi 2002 lilikuwa neno la utawala, na kufuata nyayo kulikuwa kutembea pale ambapo mwingine amekwisha kukanyaga. Maana hii ya kisiasa, ambayo wengi wangependa kuisahau, yamkini inafaa zaidi kuliko ile ya wanasayansi. Taswira ya wanasayansi inachukulia kwamba kila wayo ulioachwa ardhini una mguu mmoja uliouacha, na kwamba mguu huo ulikwenda ulikotaka. Taswira ya kisiasa inakumbusha kwamba mtu anaweza kuacha alama kubwa katika njia ambayo hakuichagua, akimfuata aliye mbele. Mwanamke anayetembea na mzigo wa kuni kichwani huacha wayo mzito zaidi katika vumbi kuliko mumewe atembeaye mikono mitupu. Uzito ule si wake peke yake.

Mkono na Mdomo

Ichukuliwe nyumba moja ya kubuni katika kaunti ya Kakamega. Baba, mama, watoto watano na nyanya wa watoto. Nyumba hii haina upekee wowote: kwa mujibu wa sensa ya 2019, asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zilipika kwa kuni, asilimia 11.6 kwa makaa, asilimia 7.8 kwa mafuta ya taa, na asilimia 23.9 kwa gesi. Mama huamka kabla ya mapambazuko, huwasha moto kati ya mafiga matatu na kuchemsha chai. Adhuhuri kuna maharagwe, ambayo hayaivi kwa saa moja. Jioni kuna ugali na mboga, na maji ya baba ya kuoga. Mgeni akija, chai tena. Siku ikiisha, karibu kila kijiti kilichoteketea katika nyumba hiyo kimepita katika mikono yake.

Sasa hesabu ifanywe. Akitokea mtafiti mwenye karatasi ya maswali na kuuliza nani anayetumia kuni, jibu litakuwa moja, na litatolewa na mama mwenyewe bila kusita: ni mimi. Kwa njia hii matokeo ya Ulaya yanapinduliwa. Kule mwanamume ndiye mchafuzi; huku, kwa daftari la mkono, mchafuzi ni mwanamke. Baba wa nyumba hii hana gari. Hula nyama siku za sikukuu. Hupanda bodaboda siku ya soko. Akipimwa kwa kipimo hicho ataonekana kuwa mtakatifu wa mazingira.

Upotofu wa hesabu hii uko wazi mara inapotajwa, lakini inafaa kuueleza kwa utaratibu kwa sababu ndio msingi wa hotuba nyingi zinazowahimiza wanawake wa vijijini waache kuharibu misitu. Upotofu ni kuuchukua mkono unaochochea moto kuwa ndio mdomo unaokula. Watu wanane wamekula maharagwe yale. Kuni zilizoyaivisha ni za wanane. Ikiwa baba ameoga maji ya moto, basi moshi wa maji yale ni wa baba, hata kama hakuuona wala haukumtoa machozi. Yapo, kwa hiyo, madaftari mawili yanayoshindana, la mkono na la mdomo, na kila moja linatoa hukumu tofauti juu ya watu walewale.

Lakini hata daftari la mdomo halitoshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaokaa karibu na moto ni wanawake na watoto wadogo. Moshi unaogawanywa sawa kwa midomo minane hauingii sawa katika mapafu manane. Katika uchafuzi wa gari, anayeendesha hukaa ndani na moshi hutoka nyuma kuwafikia wengine. Jikoni mambo ni kinyume: anayewasha ndiye anayeumia kwanza. Kanuni iliyoenezwa na nchi zilizoendelea tangu 1972, kwamba mchafuzi na alipe, inakwama mlangoni mwa jiko, maana mtu huyu ameshalipa kwa macho na kifua chake kabla ya mwenye kudai kufika.

Mti wa Mwanamume

Aristotle, katika kitabu chake juu ya maadili, alishikilia kwamba sifa na lawama huandamana na matendo ya hiari tu. Ikiwa kanuni hii itakubaliwa, basi swali la nani awashaye moto halina budi kutanguliwa na swali la nani awezaye kuchagua moto wa aina gani. Ni hapa ambapo kisa cha Kakamega kinakuwa na faida kubwa kwa hoja hii.

Katika miaka ya 1980, Mradi wa Nishati ya Kuni wa Kenya ulifanya kazi katika wilaya hiyo, iliyokuwa na watu wengi na ardhi ndogo. Wataalamu walitarajia kukuta upungufu wa miti. Walikuta mashamba yenye miti mingi na wanawake wasio na kuni. Fumbo hili lilifumbuka walipochunguza umilikaji. Miti ilikuwa ya mume. Mikalitusi ilipandwa ili iuzwe kwa nguzo na mbao, au iwe akiba ya karo na matanga. Kuni zilikuwa kazi ya mke, na kazi ya mke haikuwa sababu ya kukata mti wa mume. Zaidi ya hayo, mwanamke hakuruhusiwa kupanda mti. Iliaminika kwamba akipanda atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Mhakiki wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba miiko hii haikuwa ushirikina mtupu: mti ulikuwa hati ya kumiliki ardhi, na aupandaye alikuwa akitangaza dai. Mwiko ulilinda dai la mwanamume kwa kulivika vazi la kifo.

Namna mradi ulivyolizunguka tatizo hili inastahili kukumbukwa. Ulieneza vichaka vinavyokua upesi, kama vile kaliandra, ambavyo katika fikra za wenyeji havikuwa miti kamili. Mwanamke aliweza kukipanda kichaka bila kumwua mtu. Ufumbuzi huu ulikuwa wa werevu na ulileta kuni. Hata hivyo, hauwezi kusomwa bila uchungu kidogo. Mwanamke alipata nishati kwa sharti kwamba alichokipanda kisiitwe mti. Mpaka wa maana ya neno ulisogezwa ili mpaka wa mamlaka usiguswe.

Inapasa daftari la tatu, basi, ambalo si la mkono wala la mdomo. Ni daftari la amri. Nani aliamua kwamba mikalitusi ingoje mnunuzi wa nguzo ilhali jiko linalishwa vijiti vibichi na mabua? Nani anashika fedha ambazo zingenunua mtungi wa gesi? Na daftari hili haliishii kwenye boma. Mnamo Julai 2021 ushuru wa thamani wa asilimia 16 ulirejeshwa juu ya gesi ya kupikia nchini Kenya. Haukuondolewa hadi Sheria ya Fedha ya 2023. Katika miaka hiyo miwili, mwanamke wa Kangemi aliyerudi kwenye makaa kwa kuwa hakuumudu mtungi alikuwa akitekeleza uamuzi ambao haukufanyiwa jikoni kwake. Na makaa yale yalikuwa na historia: katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya makaa huweza kudai kuni kilo tano hadi kumi. Msitu ulioteketea ulikuwa mbali na macho yake, na aliyeuteketeza, aliyeusafirisha na aliyeuza gunia kwa kawaida ni wanaume.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki 1995, alipendekeza maadili ya dunia kama mzazi. Katika hoja yake, iliyomo katika mkusanyiko wa 1994 alioushughulikia kama mhariri, mataifa ni kama ndugu wa tumbo moja. Wengine wametajirika, wengine ni hohehahe, lakini asili yao moja inawafunga katika wajibu ambao utajiri hauwezi kuufuta. Hoja hii ingali na nguvu mbele ya tofauti za leo: Mkenya wa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, makaa ya mawe na saruji, ilhali wastani wa dunia unapita tani nne. Hata hivyo, familia ya Oruka ina kasoro moja ambayo mhakiki hawezi kuinyamazia. Ni familia ya ndugu wanaogawana urithi. Hamna ndani yake mtu anayepika. Tajiri na maskini wanakutana katika baraza la ukoo, na chakula kinafika mezani bila kuelezwa kimetoka wapi. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la 1967 juu ya ujamaa vijijini, alikuwa mwangalifu zaidi kwa kukiri kwamba jamii ya kale, pamoja na sifa zake zote, ilimtwika mwanamke mzigo usio wa haki. Alikiri, kisha akaendelea na mambo mengine, kama ilivyo desturi.

Uhaba si Uadilifu

Kuna kishawishi cha upande wa pili, nacho ni hatari vilevile. Tangu Françoise d'Eaubonne alipoliunda neno ekofeminisiti mnamo 1974, pamekuwapo wanaodai kwamba mwanamke yuko karibu na maumbile kwa asili yake, na kwa hiyo unyayo wake ni mwepesi kwa sababu moyo wake ni mpole. Dai hili hupendeza masikioni. Linafanana na sifa ambazo washairi wamempa mama kwa karne nyingi, na lina kasoro ileile: linamsifu kwa kile alichonyimwa. Mwanamke asiyekula nyama kwa kuwa minofu hupakuliwa kwanza sahani ya baba hajafanya uamuzi wa kimazingira. Asiyeendesha gari kwa kuwa jina lake halimo katika hati yoyote ambayo benki ingeikubali kuwa rehani hajaitunza hewa. Uhaba wake umehesabiwa kuwa uadilifu, na kuna wanaotaka aendelee nao ili dunia ipone.

Ushahidi wa kupinga dai hilo uko katika mitaa ya Nairobi yenyewe. Mwanamke mwenye mshahara mnono wa mtaa wa Kileleshwa ana gari lake, friza lake, safari zake za ndege, na msichana wa kazi anayefua kwa mashine na kupiga pasi kila siku. Unyayo wake haujulikani kwa upole. Na ni nani atakayediriki kumwambia kwamba amekosea kufika pale ambapo wanaume wa tabaka lake wamekuwa kwa miaka sitini? Hapa hoja ya jinsia inakutana na hoja ya tabaka, na yamkini ile ya pili ndiyo inayotawala. Lakini hata katika nyumba hiyo ya kifahari, msichana wa kazi ndiye awashaye jiko na pasi, na akiulizwa na mtu wa takwimu, atasema ni yeye.

Hapa mchango wa mwanafasihi una nafasi yake, kwa kuwa kazi za fasihi zimekuwa zikiandika hesabu ambazo takwimu hazikuziona. Mwana Kupona binti Mshamu, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, alipomtungia bintiye utenzi mnamo 1858, aliorodhesha wajibu wa mke kuhusu usafi wa nyumba na starehe ya mume. Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu iwapo utenzi huo ni wa utiifu au wa werevu uliojificha chini ya utiifu. Jambo ambalo halijazingatiwa vya kutosha ni kwamba ukisomwa kama kumbukumbu ya matumizi, mnufaika wa shughuli zile ametajwa wazi. Mwana Kupona hakusema kwamba starehe ile ni ya mke. Daftari lake lina safu mbili: afanyaye na afanyiwaye. Karatasi ya maswali ya mtafiti wa leo ina safu moja.

Jambo la mwisho linahusu biashara. Jiko la makaa lenye kauri, lililobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kurekebisha jiko la Thailand na kutengenezwa na mafundi wa jua kali, lilienea kwa sababu lilipunguza makaa, na akiba ilibaki mfukoni mwa mpishi. Katika karne hii mtindo umebadilika. Kampuni huleta majiko vijijini kwa bei nafuu au bure, na mwanamke anayelipokea hutia sahihi karatasi kwamba upungufu wa hewa chafu utakaotokana na kupika kwake ni mali ya kampuni. Upungufu huo huuzwa ng'ambo, ambako mnunuzi huutumia kufidia uchafuzi wake, pengine safari ya ndege. Utafiti uliotolewa katika jarida la Nature Sustainability mnamo 2024 ulikadiria kuwa miradi ya namna hii iliyochunguzwa ilidai upungufu takriban mara tisa ya ule halisi.

Wengi wamelalamikia udanganyifu huo wa tarakimu, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini ichukuliwe kwamba tarakimu zingekuwa sahihi hadi nukta ya mwisho. Bado mwanamke wa mafiga matatu angekuwa ameandikwa kuwa mmiliki wa moshi alipokuwa akiutoa, na kuacha kuwa mmiliki mara tu alipoacha kuutoa. Uchafu ulikuwa wake. Usafi ni wa mwingine. Na wakaguzi wanapofika na kukuta kwamba mafiga ya zamani bado yapo nyuma ya nyumba, yenye majivu ya jana, huandika kwamba mradi umeshindwa kwa sababu ya mazoea ya mpishi. Hawaulizi jana kulikuwa na nini. Kulikuwa na matanga, na jiko jipya halibebi sufuria ya ugali wa watu arubaini.